Sikio la Maringo

Pale kwenye uwanja wa mbio za farasi kila mtu alijua kwamba Maringo hakuitwa hivyo bure. Mpelekee maji kwenye ndoo aliyonywea farasi mwingine, anakugeuzia makalio. Mjeledi ndio usiseme kabisa. Ukimgusa nao anasimama katikati ya mbio na kukuangalia kama mtu aliyesingiziwa wizi.

Aliyeelewana naye alikuwa mmoja tu, binti mpanda farasi waliyemwita Kibiriti, kwa wembamba wake na kwa jinsi alivyokuwa haraka kuwaka. Mama yake ndiye mkufunzi wa farasi wa banda lile, mama mwenye goti bovu na ulimi mkali, ambaye kusifu mtu kwake ni kama kung'olewa jino.

Na huyo mama ndiye aliyemfundisha. Kibiriti alipokuwa mdogo, hatamu zilipitishwa juu ya mgongo wa kiti cha sebuleni. Mama akakaa upande wa pili, macho kafumba, ncha za hatamu mikononi, na mtoto akatakiwa kumwambia kwa vidole tu: kulia, kushoto, subiri, nenda. Akivuta kidogo kupita kiasi, mama anaruka. "Ala! Mbona unanipigia kelele? Mimi si kiziwi!" Wageni walicheka mpaka wakashika mbavu, lakini mtoto alijua kusema kwa kidole kabla hajajua kusoma.

Sasa siku moja ya mbio, tajiri mwenye farasi alikuja bandani uso kaukunja. "Nimechoka na farasi wa kubembelezwa," akamwambia mkufunzi. "Leo asiposhinda, kuanzia kesho anapandwa na yule kijana wa mjeledi."

Kibiriti alisikia kila neno. Kumchapa Maringo! Kwake ilikuwa sawa na kuambiwa dada yake anaozwa kwa mlevi.

"Mwanangu, nisikilize," mama akamwambia huku akimkazia mkanda wa tandiko. "Mbele asikimbilie. Mzuie mpaka mtoke kona ya mwisho, ndipo umwachie. Ukimwachia mapema ataishiwa pumzi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Haya, wakaachiwa. Farasi sita, vumbi hilo, na farasi mweusi akachukua uongozi. Maringo alikuwa wa tano, ametulia kwenye vidole vya Kibiriti, masikio yote mawili mbele. Wakaikaribia kona ya mwisho. Hapo yule mweusi akaanza kuchoka, akayumba kutoka kwenye uzio wa ndani, na pakafunguka upenyo wa kupita farasi mmoja mwembamba.

Sikio la kushoto la Maringo likageuka nyuma. Watu wa farasi wanalijua sikio hilo: anauliza, niende?

Kibiriti akafumba vidole. Subiri.

Sikio halikurudi mbele. Maringo, aliyezoea kununa akinyimwa mara moja, alikuwa anauliza tena! Moyo wa Kibiriti ukapiga kama mlango uliogongwa na askari. Akimwachia sasa na pumzi ikakata, atakuwa amempoteza farasi na amemdharau mama yake kwa mpigo mmoja. Lakini aliyekuwa anakimbia ni Maringo, na mapafu yalikuwa ya Maringo. Nani ajuaye zaidi pumzi imebaki kiasi gani?

Akapiga moyo konde, akalegeza vidole.

Lo! Maringo alipenya pale kwenye uzio mpaka buti la Kibiriti likakwaruza mbao. Wakatoka kona wakiwa mbele, na nyuma yao mijeledi ikaanza kulia, watu wakipiga mayowe. Hofu ikamshika binti wa watu, mikono ikakaza bila yeye kujua, na Maringo akainua kichwa, akapunguza mwendo. Amesikia "simama", maskini, na anatii.

"Sikukuambia hivyo, Maringo, samahani," Kibiriti akamnong'oneza. Akashusha pumzi, akalaza ngumi zake shingoni pale penye jasho, akaziacha ziende na kichwa cha farasi, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Maringo akajinyoosha. Farasi mweusi mwenyewe alikuwa keshaachwa, lakini farasi aliyewafuata alifika mpaka usawa wa tandiko la Maringo, na hapo ndipo mstari wa mwisho ulipokatwa. Maringo ameshinda!

Tajiri alifika mbio, amesahau hata kofia yake kitini, akamshika mkufunzi mkono wa pongezi. "Mkufunzi, mpango wako umetia fora! Kupenya vile kabla ya kona, ni akili kubwa!"

Kibiriti alikuwa ndiyo kwanza anashuka. Akainamisha kichwa, akingojea mama achukue sifa zake, maana ni haki yake, na makaripio yatafuata wakishafika bandani.

"Mpango wangu ulikuwa asubiri," mama akasema, kwa sauti ya kusikika na watunza farasi wote. "Angenifuata mimi, tungefika wa tatu. Hii ni kazi ya binti yangu. Na huyo kijana wako wa mjeledi, mwambie akatafute farasi mwingine."

Tajiri akacheka, akakubali palepale. Kibiriti akaficha uso kwenye shingo ya Maringo, akalia kwa sauti, na mama akasimama karibu yake kifua mbele, akiwatazama waliokuwa wanawatazama.