Kicheko cha Pól Kwenye Glavu

Hallgrím, daktari wa meno wa kijiji chetu hapa visiwani Faroe, alikuwa ananawa mikono bila kuvua glavu zake. Alizipaka sabuni, akazisuuza, na kila alipomaliza mgonjwa alizianika juu ya hita kwa vibanio vya nguo. Msaidizi wake Eyðgunn alishachoka kumsogezea boksi la glavu mpya.

"Daktari, kila mdomo na glavu zake!"

"Zimetakata hizi, bwana. Usinisumbue."

Kilichobaki kwenye glavu kilihamia kwa anayefuata. Mvuvi mmoja alitoka pale akiimba tenzi kwa sauti ya mke wa mchungaji aliyemtangulia kitini, na sauti yake haikumrudia mpaka alipokula chakula cha jioni. Watu walizoea, hata wakawa wanaomba zamu baada ya waimbaji. Vidonda vya ufizi navyo vilihama vivyo hivyo, ila hivyo hakuna aliyeviombea zamu.

Jumatatu moja Pól, mume wa Eyðgunn, alikuwa mgonjwa wa mwisho, aking'olewa gego huku anacheka. Kesho yake moyo wake ulisimama akiwa anakata kondoo manyoya. Kliniki ikafungwa kwa mazishi.

Ilipofunguliwa, wa kwanza kuketi alikuwa Marjun wa duka la sufu. Alisukutua, akatema, na kicheko cha Pól kikamtoka. Kilianza chini kama birika linalokaribia kuchemka, kikapanda mpaka kikawa mlio wa bata bukini.

"Huyu Pól huyu!" alisema Marjun akijifuta kidevu. "Hata kufa hajui."

Eyðgunn aliweka sinia chini, akacheka naye mpaka machozi. Alifurahi, jamani, alifurahi! Siku nzima kicheko kilipita mdomo hadi mdomo, naye akawa anawasindikiza wagonjwa mpaka mlangoni, kawashika mkono, hawaachii.

Ijumaa Marjun alirudi shavu limefura. Nyuma yake yalikuja mashavu mengine yaliyofura. Hallgrím aliyatazama, akatazama hita, akaona haya.

"Eyðgunn, ulikuwa unasema kweli. Hebu lete lile boksi."

Eyðgunn alikuwa amelikalia.

"Limekwisha, daktari. Na hizo glavu bado nzima."

Marjun alipanda kitini, akaachama kwa upande usiouma. Eyðgunn alisogeza kigoda chake karibu, boksi likiwa bado chini yake, akaanza kutabasamu kabla kicheko hakijaja.