Tabaka la Chini Kabisa

Usiku wa jana niliota nimefika kwenye mtihani wa marudio wa jiolojia, ule ambao nikiufeli tena natolewa chuoni. Nina miaka hamsini na mitatu na nasoma masomo ya jioni.

Mlangoni amesimama Jofrida, mdogo kuliko wote darasani, miaka kumi na tisa. Ndiye msimamizi. Viti hakuna.

"Shikamoo, mama. Leo tunakaa kwa sheria ya matabaka ya miamba. Tabaka la chini ndilo kongwe."

Nikalala sakafuni. Juu yangu akalala mwalimu wetu, Dokta Msemwa, rika la binti yangu. Juu yake wakapangana wanafunzi arobaini kwa umri, na kileleni akapanda Jofrida na saa yake.

"Dokta, hata wewe?"

"Sheria niliifundisha mwenyewe, mama. Ningejua ningefundisha nyingine."

"Imebaki miaka milioni mbili," Jofrida anatangaza. "Asiyemaliza atahesabiwa mwamba."

Sasa tuko chini ya ziwa. Najibu maswali matatu huku samaki wakinipita. Swali la nne linasema: Taja mwamba ulioulalia. Ni giza, sioni kitu, na miguu yangu imeshakuwa jiwe hadi magotini. Nasali.

"Nionje," unasema mwamba.

Kweli, Dokta alitufundisha: mwamba laini utafune kidogo. Ukikwaruza meno, una chembe za mchanga. Usipokwaruza, ni udongo wa mfinyanzi mtupu.

Namwomba Mungu akibariki chakula hiki, kisha nauma.

"Amina," unaitikia mwamba. "Wenzako hunitema tu."

Haukwaruzi. Na ladha naijua, ni ya udongo niliotafuna mimba zote nne.

"Wewe ni udongo wa mfinyanzi uliogandamana."

"Sema polepole. Huko juu wanasikiliza."

Naandika, napitisha karatasi juu. Dokta Msemwa anaisoma kwa miaka elfu moja, ananakili, anaipitisha. Nasikia kalamu zikikwaruza, tabaka kwa tabaka.

"Dokta, huu si wizi?"

"Akiwa mmoja ni wizi, mama. Wakifika arobaini tunaita mchakato wa asili."

Niliamka alfajiri, nikapiga magoti. Kabla sijafika kwenye amina, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Jofrida.

"Shikamoo, mama. Samahani kwa usumbufu. Swali la nne uliandika nini? Karatasi imefika huku juu imefutika hapo."

Mtihani ni leo, saa kumi na moja jioni.