Kiti Kinachoharibika Kila Jumatano

Sipendi umbea, ila napenda kujua. Wanaochanganya mambo haya mawili wananikera sana. Kwa hiyo niseme mapema: sikumfuata Mwalimu kwa ubaya. Nilimfuata kwa sababu ya kiti.

Mwalimu ni jirani yetu wa mlango wa pili, mstaafu, na mkewe amepoteza kumbukumbu. Kila Jumatano saa tisa mchana dada yake anakuja kukaa na mgonjwa. Hapo Mwalimu anatoka, shati limepigwa pasi, akisukuma kiti cha magurudumu kitupu.

"Kimeharibika tena, shemeji," ananiambia. Saa kumi na moja anarudi nacho akipiga mluzi.

Mimi nimeshona nguo za watu miaka arobaini. Cherehani mbovu naijua, na cherehani inayosingiziwa naijua pia. Kitu hakiharibiki kwa ratiba. Nikajiambia babu huyu ana mwanamke. Miaka sabini na mbili! Roho yangu haikutulia.

Na kusema kweli, nilitaka kuwaza mambo ya mtu mwingine. Jumatatu ya wiki ile mzee wangu, ambaye kiharusi kimemlaza mwaka wa tatu sasa, alitema supu juu ya shuka niliyotoka kuibadilisha. Mara ya tatu. Mkono wangu ukamchapa kofi la shavu. Hakujikinga, alinitazama tu. Tangu hapo kila nikishika kijiko nauogopa mkono wangu mwenyewe. Binti yetu alipopiga simu kuuliza tunaendeleaje, nikamwambia vizuri kabisa, mwanangu. Nilikuwa nakufa na tai shingoni.

Jumatano nikamwita mdogo wangu akae na shemeji yake. Nilimdanganya kwamba nakwenda kununua uzi, ingawa cherehani yangu ina vumbi la miaka mitatu. Nikamfuata Mwalimu hatua thelathini nyuma. Akapita duka la dawa, akakata kona nyuma ya hospitali, akaingia karakana ya kutengeneza viti vya magurudumu na magongo.

Nilichungulia mlangoni. Wazee watano walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, kila mmoja na kiti chake kitupu. Fundi, mama wa makamo mwenye ovaroli, alikipindua kiti cha Mwalimu, akakaza nati mbili, akazungusha gurudumu, akasema tayari. Mwalimu hakuinuka. Wala wenzake waliokwisha kutengenezewa hawakuinuka.

"Shemeji," Mwalimu akasema bila kugeuka, "ingia, jua litakuchoma."

Niliona aibu, lakini niliingia. Aibu haijawahi kunizuia kuuliza.

"Hicho kiti kina nini?"

"Nati zimelegea."

"Kila wiki?"

"Nazilegeza mwenyewe kila Jumanne."

Wakacheka wote. Mzee mmoja mnene, mpishi mstaafu anayemtunza mwanawe, akasema yeye huchomoa breki.

"Sasa nifanyeje?" Mwalimu akasema. "Nikimwambia dada yangu njoo ukae na mgonjwa nikapige soga, ataniona sina akili. Kiti kikiharibika anakuja mbio."

Fundi akanisogezea kigoda. "Na wewe mama, unalala?"

"Analala vizuri," nikajibu. "Namgeuza mara mbili tu mpaka asubuhi."

Wakacheka tena, safari hii kwa upole. "Sote tulijibu hivyo siku ya kwanza," akasema bibi mmoja mwenye miwani. "Umeulizwa wewe."

Mimi? Nilifungua mdomo niseme sijambo, likatoka neno lile lingine.

"Nimempiga mume wangu."

Nikangoja wanifukuze. Bibi wa miwani akavua miwani yake. "Mimi nilimfungia mama yangu bafuni, nikakaa jikoni dakika ishirini namsikia akiniita."

"Mimi nilimfinya," Mwalimu akasema, macho kwenye viatu. "Mke wangu. Kisha akasahau, akanishukuru kwa chakula."

Nililia mbele ya watu nisiowajua, na sikujali. Mpishi akanisubiri nimalize. "Mkono ukianza kupandwa na hasira, weka bakuli chini, toka chumbani. Supu ikipoa inapashwa. Mimi hupasha hata mara nne. Na chukua namba yangu, upige kabla, si baada."

Niliporudi nilimuaga mdogo wangu, nikakaa kitandani karibu na mzee wangu. Hasemi, lakini anaelewa. Nikamwambia, "Jumatatu nilikupiga. Nisamehe. Nimechoka, tena nimeogopa." Nikamsimulia kila kitu, karakana, viti, nati. Aligeuza uso ukutani. Siku zote zilizofuata sikujua kama amenisamehe. Bakuli nililiweka chini mara mbili, na mpishi nilimpigia mara moja.

Jumanne nikachukua spana, nikapiga magoti kando ya kiti cha magurudumu cha mzee wangu. Nati ilikataa. Nikakaza meno, nikasukuma kwa nguvu zote, haikutikisika hata kidogo. Nikasikia sauti kutoka kitandani, nikadhani anaumwa. Nikageuka.

Alikuwa anacheka. Mdomo umekwenda upande, machozi yanamtoka, anacheka kwa mara ya kwanza tangu augue. Akauinua mkono wake mzima, akanionyesha hewani upande wa kuzungusha: si huko, huku. Akaendelea kuuzungusha polepole, nami nikamfuatisha kwa spana, mpaka nati ikalegea.