Mama na Mwana Waliokuwa Hawasemezani

Wakili wa mji alipoinuka mahakamani kumhoji Odessa Pruitt, binti yake Renita alibana mikono mapajani. Alijua swali gani linakuja.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza. Cortland, kaka yake Renita, alikuwa na kisukari. Jioni moja sukari ilimshuka akiwa anaendesha, akaegesha kando ya barabara na kuinamia usukani. Askari polisi mmoja, Brandt Kessel, akamgongea kioo, akamwamuru ainue mikono. Cortland, akili imeshamruka, akapapasa kiti cha pembeni alikoweka pipi zake za kupandisha sukari. Kessel akampiga risasi. Mwendesha mashtaka alisema haoni kosa la jinai, faili likafungwa. Ndipo familia ikamshtaki Kessel pamoja na mji wenyewe, kudai haki ya kifo kile, na uamuzi ukawa mikononi mwa jopo la raia waliookotwa huku na huku: mpishi wa shule, fundi bomba, bibi mmoja mstaafu, na wengineo.

Wakili wao, Yolanda Teague, alikuwa amewaonya mapema, wamekaa jikoni kwa Odessa wanakula kuku wa kukaanga.

"Mama Odessa, watasema wewe na mwanao mlikuwa hampatani. Wanataka jopo lione kwamba hukupoteza kitu kikubwa."

"Kwani nilipoteza mwavuli?"

"Mama!" Renita akasema.

"Najibu nilichoulizwa."

Na kweli walikuwa hawapatani. Cortland aliuza pikapu ya marehemu baba yao bila kumwambia mtu, na Odessa akamnunia tangu hapo. Salamu zote zilipitia kwa Renita. "Mwambie mama yako namsalimia," Cortland angesema. Odessa angejibu, "Mwambie ana miguu, aje mwenyewe." Renita alichoka kuwa posta yao. Mara ya mwisho hata hakuzifikisha salamu za kaka yake. Alikuwa na haraka, akasema atazifikisha Jumapili. Jumapili haikumkuta Cortland hai, na jambo hilo hakulisema kwa mtu.

Wakili alipoondoka, Renita alimsogelea mama yake kwenye sinki. "Sema tu mlikuwa mnapigiana simu. Nani atabisha?"

"Niape mbele za Mungu, halafu nimsingizie mtoto wangu mambo mazuri ambayo hakuyafanya? Hebu futa sahani."

Sasa wakili wa mji, Bwana Garrity, aliuliza kwa sauti ya upole kama mtu wa kampuni ya mazishi.

"Mama Pruitt, mara ya mwisho kuzungumza na mwanao ilikuwa lini?"

"Kabla ya majira ya baridi."

"Na alifariki wakati wa kiangazi. Sikukuu ya Shukrani, familia zinapokusanyika mezani, alikuja kwako?"

"Hakuja. Sikumwalika."

Watu wakajisogeza kwenye viti. Bi. Teague aliandika kitu bila kuinua kichwa.

"Kwa hiyo ni haki kusema kwamba hamkuwa na uhusiano?"

Odessa akamgeukia. "Bwana, wewe una mama?"

"Tafadhali jibu swali."

"Nakujibu. Mtu asiye wako humnunii, unampita tu njiani. Mimi nilimnunia Cortland kwa sababu nilijua atarudi. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyomgombeza, na chakula nitakachompa baada ya hapo. Nilidhani muda ninao." Akamwelekezea kidole Kessel. "Yule ndiye aliyeukata."

Garrity alisema hana swali lingine. Mpishi wa shule alikuwa anafuta miwani yake.

Walipotoka kwenda uani kupunga upepo, Renita alishindwa kujizuia. "Mama, Cort alikutumia salamu. Wiki ile ile. Sikukuletea."

"Alisemaje?" Odessa akauliza.

"Alisema ameyakumbuka maharage yako."

"Basi nimezipata," Odessa akasema, akamshika binti yake mkono.

Jopo lilirudi kesho yake mchana na kusema familia ina haki: Kessel alikosea, na mji ulikosea kwa kumpa bastola bila kumfundisha kumtambua mgonjwa. Kessel alipita ukumbini akitazama viatu vyake. Hakuomba radhi. Mji ulikata rufaa, ukashindwa, ukalipa. Kessel aliacha kazi, na baadaye wakasikia ameajiriwa mji mwingine, kaskazini, amevaa tena sare ya polisi. Bi. Teague alisema sheria haina la kufanya hapo. Odessa akamwambia basi sheria hiyo bado ina kazi ya kufanya.

Jumapili iliyofuata hukumu, waumini kanisani walisimama kumpigia makofi. Odessa aliwapungia mkono wakae.

"Kaeni, kaeni. Hakuna aliyefunga bao hapa," alisema. "Imbeni, kwaya. Na safari hii mwanzoni msiikosee sauti."

Renita alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaendelea tu kulia, na mama yake akamwacha alie.