Mtumbwi Juu ya Sitaha

Glenys aliamka na neno "hapana" mdomoni. Katika mashua yao ya tanga, yeye na mumewe Murray walikuwa na sheria moja: kung'oa nanga kunahitaji ndiyo mbili. Hapana ya mmoja inatosha, wala haiulizwi sababu. Sheria hiyo ilikuwa imewalinda tangu walipouza nyumba yao Whangārei wakahamia majini.

Walikuwa wametia nanga Minerva, ndani ya duara la matumbawe katikati ya bahari, wakingoja hali ya hewa iwaruhusu kurudi kusini, New Zealand. Nyuma yao msimu wa vimbunga ulikaribia. Mbele, utabiri mmoja ulisema shwari, mwingine ulionyesha dhoruba ikizaliwa.

"Haya mama, unasemaje?" Murray aliuliza. "Mimi ni ndiyo."

"Ngoja niombe kwanza."

"Omba upesi basi. Upepo haungoji amina."

Aliinama mezani akamwomba Mungu ishara. Alipoinua macho aliiona Zwaluw, mashua ya majirani zao Waholanzi, Aleid na Wim. Walikuwa wanauvuta mtumbwi wao wa mpira kutoka majini na kuufunga juu ya sitaha. Anayeishi baharini anajua maana yake: wanaondoka. Na Aleid ndiye aliyekuwa mwangalifu kuliko wote. Wingu dogo tu lingemzuia bandarini wiki nzima.

"Ndiyo," Glenys alisema. Akaimeza ile hapana pamoja na chai.

Wakatoka pamoja na Waholanzi, wakiitana kwa redio kila asubuhi na jioni. Mwanzo bahari ilikuwa njema. Kisha upepo ukageuka, ukaja kutoka kusini, wa baridi, na mawimbi yakasimama kama kuta. Murray alijifunga kamba kwenye usukani. Glenys alijibana chini, redio kifuani.

"Zwaluw, Zwaluw, mnanisikia?"

"Nakusikia, dada." Aleid alijibu. "Maji yanaingia. Wim yuko kwenye pampu, mimi nachota kwa sufuria ya supu. Supu yenyewe imeshamwagika, kwa hiyo hakuna anayeililia."

"Aleid, kwani mlitoka kwa nini? Wewe na woga wako!"

"Nani, mimi? Nilikataa kabisa! Wim kanibembeleza, nikakataa. Halafu nikauona mtumbwi wenu uko juu. Nikasema, Glenys huyu anaomba hata kabla ya kuchemsha yai. Kama yeye anakwenda, mimi nani?"

Glenys akakumbuka. Siku moja kabla ya kuondoka alikuwa ameupandisha mtumbwi ausugue mwani, kwa sababu wakaguzi wa New Zealand hawapokei chombo chenye uchafu wa bahari. Akauacha juu ukauke.

"Dada," alisema, "nilikuwa nausugua tu."

Redio ilikoroma. Kisha kikaja kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Unasugua! Basi usimwambie Wim. Jioni tutaongea."

Jioni aliita, akaita tena. Asubuhi vilevile. Ndege ya uokoaji ilizunguka eneo lile, ikakuta mtumbwi wa mpira umepinduka, mtupu.

Walipofika bandari ya Opua, New Zealand, mkaguzi alipanda mashuani. Akainama, akapitisha kidole chini ya mtumbwi wao, akatabasamu.

"Safi sana, mama. Wote wangekuwa kama nyinyi, kazi yetu ingekuwa rahisi."

Murray alimshika mkewe kiwiko, lakini Glenys hakuanguka. Alishuka ndani. Alitaka kuomba, akakuta hajui aombe nini, kwa kuwa ishara aliyoiomba alikuwa amepewa. Saa yao ya jioni ilipofika akawasha redio.

"Zwaluw, Zwaluw," aliita.

Murray alisimama mlangoni, na hakumzuia.