Kiwiko cha Jiwe

Rayhana aliingia kontwari, nyumba ya kununulia madini, bila hodi. Hodi angempigia nani? Juzi Rutagengwa, mwenye kontwari, alimfukuza kazi baba wa Rayhana mbele ya wafanyakazi wote: Habib, mchambuzi wa mawe miaka kumi na minne, eti ameunga kwa gundi mawe mawili ya kasiteriti, madini ya bati, ayapitishe kama jiwe moja! Kisa? Jiwe limepinda kama kiwiko.

Habib alimfuata kichwa chini. "Mwanangu, achana nayo."

"Siachi!"

Alikuwa akisoma hisabati ya fuwele chuoni, na leo hasira ilimfungua mdomo. Akaweka mezani kwa Rutagengwa, kando ya jiwe lile lililopinda, karatasi ngumu aliyoikata pembe moja kwa kipimo.

"Patron, angalia. Ndani ya hii jiwe, chembe zimepangwa kama kreti za fanta kwenye depo. Kimo cha kila kreti ni karibu theluthi mbili ya upana. Mawe pacha, yale yanaota pamoja tangu ndani ya udongo, yanagawana ukuta mumoja, unaokata kreti kona kwa kona. Ngambo ya ukuta mupango ni ule ule, umegeuzwa kama kwenye kioo. Piga hesabu: nyuzi mia na kumi na mbili, kila mara. Mutu wa gundi angepata leo tisini, kesho mia na thelathini."

Karatasi ikakaa kwenye kiwiko cha jiwe, hata unywele usipite.

"Bon," Rutagengwa akacheka. "Bahati tu."

"Basi leta zingine!"

Rutagengwa alikuwa na kopo la mawe "ya gundi", kila moja na kikaratasi cha jina la aliyefukuzwa. Akalimwaga mezani kwa dharau. Rayhana akapima. Pacha. Pacha. Yote sita, pacha! Watu sita wameharibiwa jina bure, mshenzi huyu!

Rutagengwa akajifuta jasho. "Habib, kesho rudi kazini."

Habib akatabasamu. Rayhana alikuwa bado ameshika kikaratasi cha mwisho. Mukarugwiza, jirani yao, ambaye tangu alipofukuzwa hakuna kontwari iliyomtaka. Sasa anabeba viazi vya Mudende mgongoni hadi mpakani. Chini ya jina lake imeandikwa: *Shahidi, Habib.* Ama kweli, mkuki kwa nguruwe!

"Baba, uliona gundi?"

"Patron alisema iko. Na mi nikasema iko."

Rayhana akatia mfukoni jiwe la Mukarugwiza na ile karatasi ya kupimia.

"Twende kwa Mama Mukarugwiza. Utamwambia mwenyewe."

"Kesho, mwanangu."

"Kesho una kazi."