Kambi ya Chumbani

“Na hiyo bunduki utaibeba wapi? Mgongoni ulikombebea mwanao?”

Mama mkwe alikuwa ameuliza hilo kwa mara ya tatu, na kila mara alikuwa akilitia chumvi.

“Mama, nimesema ni maji,” nikamjibu. “Kikosi cha wahandisi. Wanatafuta mtu wa kupima maji.”

“Leo bomba, kesho bomu.”

Mume wangu akacheka. Akaniangalia, akaacha kucheka.

Tulikuwa mezani watu watano, na tangazo la jeshi lilikuwa katikati ya sahani kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha. Nililileta mimi. Wanataka wenye diploma ya teknolojia ya maji, umri usiozidi miaka thelathini na mitano. Mimi nilikuwa na thelathini na minne na miezi tisa. Mafunzo ni miezi mitano, unalala kambini, huruhusiwi kurudi nyumbani. Baada ya hapo familia inatibiwa hospitali ya jeshi, watoto wanasoma shule ya jeshi, na askari akishatumikia miaka miwili anapelekwa chuo kikuu bila kulipa. Fomu zinapokelewa mwisho Ijumaa ijayo, saa kumi jioni.

Hilo la chuo kikuu ndilo lililoniwasha. Nina miaka kumi na mmoja katika maabara ya idara ya maji. Nimewafundisha kazi wakubwa watatu. Kila mmoja alikuja na shahada yake mpya kabisa, akaniuliza maabara ni mlango upi. Mimi masomo niliyaweka kando watoto walipozaliwa, nikasema nitarudi. Sikurudi. Sasa nikingoja mwaka ujao, umri wangu utakuwa umepita.

“Na wewe mbona umemeza ulimi?” nikamuuliza mume wangu.

Ni kinyozi. Duka lake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, na huko haishi maneno kutwa nzima.

“Mimi nasema nenda,” akasema. “Ila nasema polepole, maana mama yangu anasikia.”

“Nasikia,” mama yake akasema. “Nyumba hii akiiacha siku tatu, tutaokota vipande.”

“Naomba kuuliza,” akadakia mwanangu mkubwa. Ana miaka kumi na mitatu na tunamwita Mwanasheria, kwa sababu hata akitumwa chumvi hutaka kwanza kujua ni kwa kifungu gani. “Kwa miezi hiyo mitano, nani atapika?”

Ukweli ni kwamba mimi pia niliamini alichosema mama mkwe. Nyumba hii nilikuwa nimeishika kwa meno. Nikiachia, itaanguka.

Lakini kazini kwetu hatubishani. Mtu akisema maji ni safi au machafu, tunachukua sampuli.

“Basi tupime,” nikasema. “Wiki moja. Kuanzia kesho Jumamosi hadi Ijumaa. Ofisini nitakwenda kama kawaida, nikirudi niko kambini. Chumba changu cha kulala ndiyo kambi. Sipiki, sifui, simtafutii mtu soksi, sijibu swali. Ijumaa tutajua.”

“Na mimi nikikutaka?” akauliza mdogo wake. Ana miaka saba. Yeye ni Chiriku, na aliyempa jina hilo hakukosea: huamka akisema na hulala akisema.

“Utaniandikia barua. Kambini watu huandikiwa barua.”

Uso ukamshuka. Kusema anajua, kuandika hataki. Mwalimu wake alikuwa ameshaniita mara mbili kwa ajili hiyo.

“Na mimi nitalala wapi?” mume wangu akauliza.

“Kambini hakuna waume.”

Mama mkwe akajikohoza na kuanza kukusanya sahani.

Jumamosi nilipoamka, mlangoni pangu palikuwa pamebandikwa karatasi yenye mwandiko wa Mwanasheria: KAMBI. HAIRUHUSIWI KUTOKA ILA KWENDA KAZINI, KUOGA NA CHOONI. Na filimbi ya refa ilikuwa shingoni mwake.

Huko nje niliwasikia watoto wakiogeshwa, wakivalishwa, wakisukumwa mlangoni na mikoba yao ya shule. Nikaziba mdomo kwa mto. Nusu saa baadaye wakarudi.

“Baba, shuleni kuna mlinzi peke yake,” Mwanasheria akasema. “Leo ni Jumamosi.”

Nikasikia mikoba ikitua sakafuni.

“Nilikuwa nawafanyisha mazoezi,” mume wangu akasema.

Jumapili ikaja habari ya nywele. Chiriku lazima asukwe kabla ya Jumatatu, na vidole vya mama mkwe vimekakamaa siku nyingi. Mume wangu ameshika vichwa vya watu miaka kumi na mitano, lakini anachojua ni kupunguza tu. Kuongeza utaratibu juu ya kichwa hajui. Akampeleka dukani, akamkalisha kwenye kiti cha wateja. Ukuta wetu ni mwembamba, nikasikia kila kitu.

“Gawanya katikati!” mteja mmoja akaamuru.

“Nimegawanya.”

“Hapo katikati? Bwana wee, hapo ni sikioni.”

“Chukua tatu, siyo nne. Nne unasuka mkeka.”

“Wewe unajuaje kusuka?”

“Nina dada sita, ndugu yangu. Nimeponea chupuchupu kusukwa mimi.”

Wakacheka mpaka chupa za mafuta zikatikisika rafuni. Nilikaa kitandani mikono inaniwasha. Kichwa kile mimi hukimaliza kwa dakika ishirini. Wao kiliwachukua saa mbili na nusu, na Chiriku akatoka na misuko mitatu, mmoja umeelekea mbele, mmoja nyuma, mmoja juu. Jumatatu akaenda nayo shuleni kifua mbele. Akakataa katakata kufumuliwa.

Jumatatu hiyo hiyo barua ya kwanza ikapita chini ya mlango: MAMA UPAWA UKO WAPI. Nikaandika nyuma yake: Droo ya chini. Nikairudisha. Jumanne zikaja mbili. Moja iliripoti kwamba bibi ameliita jiko mshenzi. Ya pili ilisema jiko limeomba msamaha. Mtoto ambaye kwa mwalimu wake mistari miwili ilikuwa vita, alikuwa anajaza karatasi mbele na nyuma bila kulazimishwa. Barua zile nikaziweka ndani ya fomu ya jeshi.

Jikoni mama mkwe alikuwa ameshika uongozi. Goti lake haliruhusu kusimama, kwa hiyo alikaa kwenye stuli katikati ya jiko na kutoa amri.

“Kata kitunguu.”

“Kwa ukubwa gani, bibi?”

“Ukubwa wa kitunguu kilichokatwa! Na hicho ni kidole chako, kiondoe.”

Jumatano mimi ndiye niliyeharibu. Nilikuwa kambini, sina neno na mtu, nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Nikajizuia. Nikaenda dirishani. Harufu ikazidi. Nikatoka mbio, nikaingia jikoni, nikakamata sufuria ya maharage, nikaitua chini na kumwagia maji ya baridi.

Wote wanne wakanitazama.

Maharage hayakuwa yameungua. Ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza kuiva. Pembeni, juu ya moto wa pili, kulikuwa na biringanya mbili zimechomwa nyeusi kwa makusudi, zipate kumenyeka.

Filimbi ikalia.

“Afande ametoroka kambini!” Mwanasheria akatangaza. “Tena ameshambulia maharage ya raia!”

“Adhabu yake nini?” mume wangu akauliza, mwiko mkononi, aproni yangu ya maua imemfika kitovuni.

“Pushapu kumi.”

Nikapiga pushapu. Nilifika ya saba, mikono ikakataa, nikalala kifudifudi kwenye sakafu huku nacheka, Chiriku amenikalia mgongoni.

“Saba si haba,” mama mkwe akasema. “Kwa makalio hayo, nilitegemea mbili.”

Alhamisi barua haikuja.

Nilirudi kutoka kazini, nikaingia kambini, nikakaa karibu na mlango. Nikachukua blauzi nikaipiga pasi. Nje niliwasikia wanacheza, sijui mchezo gani, Chiriku anapiga kelele za furaha na baba yake anabembeleza apewe zamu. Nikaipiga pasi blauzi ile ile tena. Hakuna aliyepita mlangoni kwangu. Mpaka taa zinazimwa, chini ya mlango palikuwa na vumbi tu.

Ijumaa nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Fomu niliiweka kitandani. Nilikuwa nimeijaza yote isipokuwa nafasi mbili: sahihi yangu na sahihi ya mwenzi. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita. Nikaanza kujipa sababu. Wiki moja ni sampuli ndogo. Hakuna aliyeugua wiki hii, je, mtu akiugua? Ningekuwa nimepewa ripoti hiyo na kijana wa maabara, ningemwambia aache ujanja.

Mama mkwe akaingia bila kubisha hodi, fimbo yake mkononi, akajitupa kwenye kona ya kitanda.

“Jana hukuletewa barua,” akasema.

“Sikuangalia.”

“Hukuangalia. Na blauzi imepigwa pasi mpaka inataka kutoboka.” Akatoa karatasi kwenye mkunjo wa kanga yake. “Ameniachia asubuhi akienda shule.”

Nikasoma. MAMA JANA SIKUANDIKA NILIKUWA NACHEZA. LEO NITAKUAMBIA NANI ALISHINDA. UKIENDA KAMBI YA KWELI UANDIKE KWA HERUFI KUBWA NISOME MWENYEWE.

“Ulitupima tushindwe,” mama mkwe akasema. “Hatukushindwa. Sasa umenuna.”

“Sijanuna, mama.”

“Umenuna. Mimi nilinuna hivyo hivyo mwezi ule alipokuoa. Nilikuja hapa kuwatembelea, nikakuta mwanangu anakula chakula cha mwanamke mwingine na anashiba. Nikasema, kumbe! Nikalala nimegeukia ukuta.” Akapiga fimbo sakafuni. “Na hakunisahau. Kila Jumapili alikuja kuniona. Sasa nakaa naye, ananichosha.”

Nikacheka.

“Lakini wewe mwenyewe ulisema nisiende.”

“Nilisema nyumba itavunjika. Imevunjika? Haikuvunjika. Nikiendelea kung’ang’ania nitaonekana sina akili, na akili ndiyo kiungo pekee ambacho bado hakiniumi. Sasa hivi ni saa ngapi?”

“Tisa na nusu.”

“Na hiyo ofisi inafungwa saa ngapi?”

“Kumi.”

“Basi umekaa unamngoja nani? Farasi?”

Nikatia sahihi pale pale, juu ya goti lake lile lisilouma. Nikavaa raba, nikapita dukani.

Mume wangu alikuwa na mteja kitini, yule wa dada sita, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado msitu.

“Sahihi,” nikamwambia, nikimpa kalamu.

Akaiangalia fomu. Akaniangalia mimi. Kwa mara ya kwanza wiki nzima hakuwa na mzaha.

“Umeamua?”

“Nimeamua. Nitaondoka miezi mitano, nitarudi. Wewe utaweza?”

“Sijui,” akasema. “Lakini Jumamosi siwapeleki tena shule.”

Akatafuta mahali pa kuandikia. Meza yote ilikuwa mashine, vitana na mafuta. Akamwinamisha mteja mbele, akaweka fomu mgongoni mwake.

“Usitikisike.”

“Tia upesi, bwana,” mteja akasema kutoka chini. “Upande mmoja unapata baridi.”

Nikatoka mbio. Ofisi ya usajili iko zaidi ya kilomita mbili, kupita soko, kupita karakana za magari, kupita shule. Mbele ya shule nikakutana na Chiriku anarudi, mkoba mgongoni, misuko yake mitatu bado iko kila mmoja na safari yake.

“Mama! Umetoroka tena?”

“Hapana,” nikasema bila kusimama. “Safari hii naenda.”

Hakuuliza wapi. Akageuka, akakimbia nami, na njia nzima akanisimulia mchezo wa jana: nani alianza, nani alidanganya, vipi bibi alishinda wote akiwa amekaa kwenye stuli. Mimi pumzi sina, yeye hakuruka hata neno moja.

Ofisini alikuwepo sajini, mwanamke wa makamo, anafunga makabrasha. Saa ya ukutani ilionyesha kumi kasoro dakika nne. Nikamwekea fomu mbele. Akaifungua, zikamwangukia barua za herufi kubwa na nywele za mteja. Barua akanirudishia, nywele akazipuliza.

“Umekuja mbio, mama?”

Nikaitikia kwa kichwa. Sauti ilikuwa bado njiani.

Akapitia ukurasa kwa ukurasa. Cheti, umri, sahihi mbili. Akaushika muhuri, akausimamisha hewani.

“Watoto wawili. Miezi mitano yote, nani atawaangalia?”

“Baba,” Chiriku akajibu kabla sijafungua mdomo. “Na bibi. Baba anajua hata kusuka.”

Akageuza kichwa polepole, kushoto kisha kulia, sajini apate kuona kazi nzima.

Sajini aliitazama misuko ile kwa muda.

“Naona,” akasema, akagonga muhuri.